Shati Zima la Delmar Hruska

Delmar Hruska hakuwahi kukosa kulungu hata siku moja, na ukikaa naye mezani atakueleza habari hiyo kabla povu la bia halijashuka. Wala haongopi. Mtu ambaye tangu aoe amefyatua risasi mara tatu tu, tena kwa vijidume vyenye pembe za urefu wa kijiko, vilivyosimama vikimshangaa kama vinamuuliza njia, huyo atakosea wapi?

Wenzake kwenye kambi ya uwindaji walikuwa wamekosa sana. Ushahidi uko ukutani, nyuma ya jiko la kuni, kwenye kibanda cha kina Wojta huko kaskazini ya Wisconsin. Anayemlenga kulungu akamkosa, jioni yake husimama katikati ya kibanda, mkasi ukapita mgongoni, na kipande cha nyuma cha shati lake kikapigiliwa msumari pamoja na jina na mwaka. Cha marehemu Everett kipo, kimebadilika rangi kwa moshi. Cha padri aliyealikwa mara moja tu kipo. Hata cha Bernadine, mjane wa Everett na mwenye kambi, kipo, cha maua ya buluu, kwa sababu alipokuwa bibi harusi alimkosa dume aliyekuwa amelala. Mwanawe Lyle ana vipande vya kutosha kushona pazia la dirisha.

Delmar, mume wa Marlys binti Wojta, hana hata kimoja. Kila mwaka alikuwa akisimama mbele ya ukuta ule, mikono kiunoni, akiusoma kama bwana afya anayekagua jiko la hoteli.

"Ukuta huu unanisikitisha," alikuwa akisema. "Hapa hakuna bahati mbaya. Hapa kuna ukosefu wa mafunzo."

Maana Delmar alikuwa mwalimu. Kazini aliuza vipuri vya matrekta, lakini kila vuli, Jumatano jioni, alifundisha kwenye ukumbi wa chini ya kanisa somo alilolipa jina la Kunoa Ustadi wa Kuwinda Dume Kubwa. Alikuwa na picha za kurusha ukutani na fimbo ya kuonyeshea. Alieleza upepo, alieleza harufu, alieleza njia za kulungu na saa zake za kula. Somo alilolipenda zaidi lilikuwa la homa ya dume, ule mtetemeko unaomkumba mwindaji zikitokea pembe kubwa mbele yake. Aliwaambia wanafunzi kuwa homa hiyo ni ugonjwa wa wasiofundishwa, na dawa yake ni maneno matatu: pumua, tulia, bana. Walirudia pamoja, kila mmoja akibana kifyatulio cha kuwaza, kama watoto wa chekechea. Lyle alihudhuria mara moja, akalala.

Kwa maneno mengi na picha nyingi, Delmar alimlainisha mama mkwe wake Bernadine akakubali sheria mpya ya kambi: hakuna kugusa jike, hakuna kugusa dume dogo. Waachwe wakue. Akapewa pia ulingo wa marehemu Everett, ule ulioko juu ya mwaloni mkubwa, kwa hoja kwamba mahali pazuri namna ile panahitaji jicho lililosoma. Matokeo yake yalionekana uani. Ile nguzo ndefu ya kutundikia kulungu, ambayo enzi za Everett ilikuwa ikipinda kwa uzito, kwa miaka mitatu mfululizo haikutundikwa kitu isipokuwa soksi mbichi za mzee Orrin, mdogo wake marehemu.

Na bado Delmar alikuwa na matumaini, kwa sababu alikuwa na Seneta. Hilo ndilo jina alilompa dume mmoja mkubwa ajabu aliyekuwa akipita mbele ya kamera alizozificha msituni. Kila picha, mnyama alikuwa ameitazama kamera uso kwa uso, shingo nene, pembe zimetanda juu ya kichwa, kama anaomba kura. Delmar alitembea na picha hizo mfukoni. Za watoto wake zilikuwa kwenye droo.

Ijumaa, mkesha wa kufunguliwa msimu, Bernadine alipakua chakula cha jioni. Aliweka soseji mezani, akavuta kiti, akamtazama mkwewe bila kupepesa.

"Mwanangu Delmar, unajua hii ni nini?"

"Soseji, Mama."

"Ya nini?"

Delmar alionja. "Ya bata mzinga?"

"Ya bata mzinga. Ya dukani. Everett alikuwa akinilisha soseji ya kulungu mpaka Pasaka. Leo mimi Bernadine Wojta nakula bata mzinga kabla hata Alhamisi yake, ile ya Sikukuu ya Shukrani, haijafika, tena ndani ya kambi ya kulungu. Nimekosa nini?"

"Subira kidogo, Mama. Safari hii ninaye. Kamera imemnasa kila siku wiki hii."

"Hata mimi kamera yako imeninasa," Lyle akadakia, mdomo umejaa. "Natoka chooni. Sijasikia mtu anasema anitundike."

"Wewe pembe huna, shemeji."

"Wala wewe nyama huna."

Mzee Orrin alicheka mpaka bia ikampalia. Bernadine hakucheka. Aliifuta midomo yake, akaikunja leso.

"Sikiliza, na hawa wote mashahidi. Kesho Seneta wako akianguka kwa mkono wako, ulingo wa marehemu ni wako mpaka ufe, na sheria yako inabaki, na mimi nitafunga mdomo. Asipoanguka, unashuka kwenye mwaloni na sheria inakufa. Tunapiga chochote chenye miguu minne."

"Isipokuwa ng'ombe wa jirani," alisema Orrin.

"Tutaona atakavyojiweka."

Delmar aliinua glasi yake ya maji. Bia alikuwa ameiacha, kwa kuwa humtoa mtu jasho lenye harufu. Kahawa pia, na vitunguu, na sabuni zote za binadamu. Nguo zake za kuwindia zilikuwa zimefuliwa kwa magadi, zikafungiwa kwenye mfuko pamoja na udongo na majani ya msonobari, na sasa zilingoja kunyunyiziwa mkojo wa kulungu jike anayetaka dume, bidhaa ambayo Delmar aliiagiza kwa posta. Kwa ajili ya mkojo huo Marlys alimhamishia gereji mwezi mzima. Alipoondoka nyumbani, mkewe alimsindikiza mpaka kwenye gari, kaziba pua.

"Ukirudi na nyama, gonga mlango wa mbele," alimwambia. "Ukirudi na hadithi, gereji unaijua."

Kulipopambazuka alikuwa juu ya mwaloni zamani. Usiku alikuwa amelala kwenye banda la zana ili moshi wa jikoni usimguse. Chini yake theluji ilikuwa nyembamba na safi, na bonde lilishuka taratibu hadi kwenye kijito. Kando ya kijito, nyuma ya mteremko ambako Delmar hakuweza kumwona, Lyle alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Lyle alikuwa amekaanga nyama ya nguruwe akiwa amevaa koti lake la kuwindia, mafuta yakamrukia, akajifutia kwenye mkono wa koti. Alikuwa na kahawa iliyochanganywa na brandi. Mahali pale alipachagua kwa sababu hapakuwa na upepo mwingi na jiwe moja lilimfaa kuegemeza mgongo. Delmar alimhurumia kidogo. Mnyama yeyote angeinusa familia nzima ya kina Wojta kutoka maili moja.

Milio ya mbali ilianza, kambi za watu wengine, pu, pu, kama milango inayofungwa mtaa wa pili. Delmar alitabasamu. Hao walikuwa wanaua watoto.

Kisha Seneta akatokea.

Hakutokea kama kwenye picha. Kwenye picha alikuwa mdogo wa kushikika mfukoni. Sasa alitoka nyuma ya miti ya misonobari hatua kwa hatua, mvuke ukimtoka puani, mzito, mpana, na zile pembe zilikuwa zinaendelea tu kutokea, tawi baada ya tawi, kana kwamba kuna mtu nyuma anazisukuma. Alikuja moja kwa moja chini ya mwaloni. Alisimama ubavu. Mtoto mwenye manati angempata.

Delmar alisikia moyo wake masikioni. Miwani iliingia ukungu. Goti la kushoto likaanza kucheza lenyewe, likaliambukiza la kulia, na ulingo mzima wa marehemu Everett ukaanza kulia kwikwi.

"Pumua," alijiambia. "Tulia. Bana."

Alipumua. Hakutulia. Na kuhusu kubana, mkono wake ulikuwa umeshaanza mambo yake. Ulivuta komeo la bunduki nyuma, ukalisukuma mbele. Risasi nzima, ambayo haijafyatuliwa, iliruka pembeni, ikaanguka kwenye theluji. Delmar hakuiona. Alikuwa anaziona pembe tu. "Bana," alinong'ona, na mkono ukavuta komeo tena, ukasukuma tena. Risasi ya pili ikaruka. "Bana, bana!" Ya tatu, ya nne. Kidole chake hakikugusa kifyatulio hata mara moja. Bunduki ilitapika kila ilichokuwa nacho, na yule bwana aliyefundisha kanisa zima dawa ya homa ya dume alikuwa juu ya mti amebana jicho, ametoa ulimi, anakoki bunduki tupu.

Seneta aliinua kichwa. Pengine kelele za chuma zilimuudhi. Aligeuka bila haraka, akateremka bondeni, akapotea nyuma ya mteremko.

Mlio mmoja ukapasua bonde.

Na hapo ndipo Delmar, kwa moyo safi kabisa, aliamini kuwa ni yeye. Bega lake lilimuuma, nadhani kwa sababu alitaka liume. Alisikia hata harufu ya baruti. Alishuka mtini akiruka ngazi mbili mbili, akatoa simu ya upepo kifuani, sauti ikamtoka nyembamba kama ya bwana harusi.

"Seneta kaanguka! Narudia, Seneta kaanguka!"

Simu ilikwaruza. Kisha sauti ya Lyle, anatafuna kitu. "Najua, shemeji. Niko naye hapa, namtoa matumbo."

"Toa mikono yako kwenye dume langu!"

"Lako?"

"Nimempiga mimi! Kutoka kwenye mwaloni!"

"Ala," alisema Lyle. "Basi njoo uniambie ulivyofanya."

Delmar aliteremka mbio. Mzee Orrin na Bernadine walikuwa wameshasikia yote kwenye simu zao, nao wakaja kila mmoja kwa njia yake, makoti yao ya rangi ya chungwa yakiwaka kati ya miti. Walimkuta Lyle amepiga magoti, mikono imelowa mpaka viwiko, na Delmar amesimama juu yake kalikamata tawi moja la pembe kama mtu aliyeshika mlango wa basi lisimwache.

"Mama, amua," alisema Delmar. "Huyu ndiye Seneta. Alikuja kwangu, nikamlenga, nikabana, akakimbilia huku kuanguka. Lyle kamkuta anakufa."

"Hakukimbia," Lyle alisema. "Alikuja anatembea. Nilikuwa namenya yai."

"Tundu liko wapi?" Bernadine aliuliza.

Lyle alimgeuza mnyama ubavu. Tundu lilikuwa moja, nyuma ya bega.

"Moja," alisema Orrin.

"Inawezekana zote mbili zimepita hapo hapo," Delmar alisema.

Orrin alivua kofia. "Risasi mbili, watu wawili, tundu moja. Hilo ni somo la ngapi, mwalimu? Nilikuwa sijafika."

"Na mlio nilisikia mmoja," Bernadine alisema.

"Kwa sababu tulipiga kwa pamoja! Mama, nakuapia. Nilisikia bega." Machozi yalimlengalenga Delmar, na yalikuwa ya kweli. Alimwona Marlys amefungua mlango wa mbele. Alijiona juu ya mwaloni mpaka mvi, vijana wakimuuliza ilikuwaje. Ghafla uso ukamng'aa. "Bunduki! Angalieni bunduki yangu! Asubuhi niliijaza mbele ya Mzee Orrin. Si uliniona, Mzee?"

"Nilikuona. Nne."

Delmar alivuta komeo, akawainamishia wote waone. Ndani mlikuwa mtupu, mnang'aa kwa mafuta.

"Haya! Zimekwenda wapi? Nimezila?"

Hata Lyle alisita. Alimtazama mama yake, kisu kikiwa hewani. Bernadine aliitazama bunduki tupu kwa muda, kisha akamtazama mkwewe, na kitu fulani kikapita usoni pake, kitu cha mtu aliyeishi na wawindaji tangu utoto. Kama kilikuwa huruma, hakikukaa.

"Sawa," alisema. "Kama umepiga, maganda ya risasi yapo pale chini ya mwaloni. Twende tukayaokote. Nikiyaona, dume ni lako na Lyle atakubebea."

"Twende!" Delmar alitangulia.

Alipanda mteremko kifua mbele. Alikuwa wa kwanza kufika, na wa kwanza kuona vitundu vinne kwenye theluji, vimekaa karibu karibu. "Si hivi hapa?" alipaza sauti, akainama, akaingiza vidole kwenye tundu la kwanza.

Ganda tupu ni jepesi. Hiki alichokishika kilikuwa na uzito. Delmar alikiinua. Risasi ilikuwa nzima, ya manjano, ncha yake imekaa pale pale kiwandani walipoiweka. Alichimba ya pili. Nzima. Aliposhika ya tatu magoti yalikuwa tayari ndani ya theluji. Sasa aliukumbuka mkono wake. Aliukumbuka unavuta, unasukuma.

Nyuma yake Orrin alishindwa kujizuia.

"Kumbe ulikuwa unampandia mbegu," alisema.

Lyle aliketi chini. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti, kisha akalala chali kwenye theluji na mikono yake ya damu akaipiga piga ardhini. "Pumua!" alilia. "Tulia! Jamani, mbavu zangu!"

"Hizi niliziangusha alfajiri nikipakia," alisema Delmar, bila kugeuka.

"Zote?" Bernadine aliuliza.

Alinyoosha mkono, na mkwewe akamwekea risasi nne kiganjani, moja moja. Alizitia mfukoni. Kisha akatazama juu, kwenye ulingo wa mumewe, akamwambia Orrin, "Alasiri utapanda wewe. Piga chochote."

Orrin alipanda. Akalenga kidume cha pembe mbili kilichokuwa kinakula karibu kabisa na mwaloni, akakikosa vizuri sana, akakata tawi la msonobari.

Jioni ile kibanda kilijaa moshi wa vitunguu na ini la Seneta. Nje nguzo ilikuwa imepinda. Bernadine alikuwa amevaa aproni, ana brandi mkononi, anaimba puani. Lyle alipopakua, walimwita Orrin katikati, na mzee akaja mwenyewe, akazunguka mara moja kama bibi harusi, akageuza mgongo. Bernadine alichukua mkasi kwenye msumari. Kitambaa kililia krrr. Walipiga makofi, walipiga meza, Lyle aliandika jina la baba yake mdogo kwa kalamu ya wino mzito, na kipande kikapigiliwa chini ya kile cha marehemu kaka yake. Orrin alikitazama, macho yamemlowa kwa furaha na bia.

"Nimekikosa kutoka kwenye ulingo wa Everett," alisema. "Naye alimkosa mmoja kutoka pale pale."

Delmar alikuwa kwenye kona, kwenye benchi la viatu. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Sahani yake ilikuwa na ini na hakuligusa. Alikuwa anautazama ukuta. Padri alikuwa pale. Bibi harusi wa maua ya buluu alikuwa pale. Wapumbavu wote aliowasikitikia kwa miaka walikuwa pale na majina yao, na kila mmoja alikuwa amewahi kumwona mnyama, akabana, bunduki ikalia.

Alisimama. Alitembea hadi katikati ya kibanda, akachomoa shati lake kwenye suruali, akageuza mgongo.

"Mama," alisema. "Na mimi nimekosa. Nikate."

Bernadine alikuwa bado ameshika mkasi. Alimsogelea. Delmar alisikia harufu ya brandi na vitunguu, akasikia vidole vya mama mkwe vikiushika upindo wa shati, vikiuvuta, na kwa mara ya kwanza siku ile mwili wake ulitulia. Alifumba macho. Aliungoja ule mlio wa kitambaa kama mtoto anavyongoja jina lake liitwe.

Vidole viliachia.

"Siwezi, mwanangu," alisema Bernadine, na sauti yake haikuwa ya kejeli hata kidogo. "Ukuta huu ni wa waliokosa. Kukosa kuna mlio."

Akarudisha mkasi kwenye msumari. Akatoa risasi nne kwenye mfuko wa aproni, akamwekea kwenye benchi kando ya sahani yake, akarudi jikoni kugeuza ini.

"Chomekea shati, shemeji," Lyle alisema taratibu. "Utashikwa na baridi."

Lilikuwa shati jipya, la kufuliwa kwa magadi, halina harufu ya kitu chochote. Delmar alilichomekea kwa mikono miwili, mbele na nyuma, akakaa, akaanza kula.